Mkunga anasema mapigo ni mazuri, karatasi inasema moyo una tundu: nimwamini nani?

“Daktari, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Mpwapwa, hii ni mimba yangu ya tatu na sasa ina wiki 25. Watoto wangu wawili wa kwanza ni wazima. Wiki iliyopita nilikwenda kupiga utrasaundi Dodoma mjini. Aliyenipima alikaa kimya muda mrefu, kisha akaandika kwamba moyo wa mtoto una tundu na mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu ni mwembamba. Chini akaandika TOF na alama ya kuuliza. Nimeambiwa nikapimwe tena na daktari wa moyo wa watoto. Niliporudi kliniki ya kwetu, mkunga alisikiliza akasema mapigo ni 144, mtoto yuko vizuri kabisa. Sasa nimwamini nani? Mama mkwe anasema ni mshtuko, maana nilifiwa na baba mimba ikiwa ya miezi miwili. Mimi nawaza dawa mseto nilizomeza kipindi hicho hicho, nilikuwa na malaria. Jirani kaniambia nisijitese, niitoe. Mume wangu anataka tuuze ng’ombe nikajifungulie Dar kwa kisu. Je, nimemharibu mtoto wangu? Ataishi?”

Marahaba, mama. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa wiki uliyoipitia na karatasi hiyo mkononi. Nianze na yale mawili uliyoyaweka mwishoni, maana najua ndiyo yanayokunyima usingizi. Hukumharibu mtoto wako. Na kama ugonjwa ni huo walioushuku, ni ugonjwa unaofanyiwa upasuaji, na watoto wengi waliopasuliwa kwa wakati wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa. Ila hilo neno “kama” lina uzito wake, na ile alama ya kuuliza haikuwekwa kwa bahati mbaya. Twende taratibu.

Umwamini nani? Wote wawili, kwa sababu hawakupima kitu kimoja. Mkunga amehesabu mwendo wa moyo. Kwa mtoto aliye tumboni, mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika ni ya kawaida, na 144 iko katikati kabisa. Utrasaundi imeangalia umbo la moyo. Ukisimama nje ya nyumba ya mtu usiku ukasikia redio inaimba, utajua ndani umeme upo, lakini hutajua vyumba vimepangwaje. Nimeona mioyo yenye kasoro kubwa ikipiga 144 bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo mkunga hakukudanganya, na wa utrasaundi hakukutisha bure.

Na yule aliyekaa kimya muda mrefu, usimnunie. Alikuwa anatafuta. Ugonjwa aliouandika una tabia ya kujificha: picha ya kwanza tunayoitazama, ya vyumba vinne vya moyo, mara nyingi kwa watoto hawa inaonekana kama ya mtoto mzima. Lazima mpimaji ainamishe kifaa kuelekea kifuani juu, afuate mishipa miwili inavyotoka kwenye moyo, ndipo kasoro ionekane. Wengi hawafiki huko. Wanapima umri wa mimba, mkao wa mtoto, maji na kondo la nyuma, wanakuambia “kila kitu kiko sawa”, na kwa yale waliyoyapima ni kweli kiko sawa. Wewe umekutana na mtu aliyejisumbua.

Sasa hilo neno “tundu”. Tunalitumia sisi madaktari, linatumika redioni na kwenye magazeti, na mimi mwenyewe nililitumia miaka mingi bila kufikiri, mpaka mama mmoja aliponiuliza damu inayovuja inakwenda wapi, na kwa nini tumbo la mwanawe halijai. Alikuwa anauona moyo kama ndoo iliyotoboka. Tangu siku hiyo huwa nageuza karatasi ya kipimo na kuchora mgongoni mwake nyumba ya vyumba vinne. Tundu halitoi damu nje ya moyo. Ni kama mlango uliobaki wazi kwenye ukuta wa kati, damu ya chumba kimoja ikakutana na ya chumba cha pili.

TOF ni kifupi cha tetralojia ya Fallot. Fallot alikuwa daktari wa Marseille, Ufaransa, aliyeueleza ugonjwa huu vizuri mwaka 1888. Tetralojia maana yake ni mambo manne, na ukiyasikia yote kwa mkupuo unaweza kudhani moyo wa mtoto umeharibika kila mahali. Hapana. Ni kosa moja lenye sura nne. Moyo huanza kama mrija mmoja, ukajikunja, kisha kuta zikaota ndani yake kuugawa. Chukulia fundi anajenga nyumba, uzi wake ukasogea kidogo. Ukuta wa kati haukutani na ule wa mbele, hapo panabaki uwazi: ndilo tundu. Kwa kuwa ukuta umesogea upande mmoja, korido ya upande huo inakuwa nyembamba: ndiyo njia ya damu kwenda kwenye mapafu. Mlango mkubwa wa kutokea unajikuta umekaa juu ya ukuta badala ya kuwa ndani ya chumba chake: ndio mshipa mkuu wa damu, aota, uliopanda juu ya tundu. La nne, misuli ya chumba cha kulia kunenepa, huja baadaye, chumba kinapochoka kusukuma damu kwenye njia finyu.

Ujenzi huo wote hufanyika mapema mno, takriban kati ya wiki ya 5 na ya 10 ukihesabu tangu hedhi ya mwisho. Wanawake wengi ndio kwanza wanaanza kujishuku kuwa ni wajawazito. Ndiyo maana kila mama akirudisha mawazo nyuma hakosi kitu cha kukishika: msiba, ugomvi, safari ya bodaboda, dawa. Kufiwa hakusogezi ukuta wa moyo wa mtoto. Mama mkwe wako hana nia mbaya, anatafuta sababu kama sisi sote, lakini kwa hili amekosea. Dawa mseto nayo usiiogope. Ile ya artemeta na lumefantrini imefuatiliwa kwa wajawazito wengi, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kutibu malaria hata katika miezi mitatu ya mwanzo. Kilichokuwa na uwezo wa kukuondolea mimba ni ile malaria. Ulifanya vizuri kumeza.

Zipo sababu tunazozijua: kisukari cha mama ambacho hakikudhibitiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, rubela miezi ya mwanzo, baadhi ya dawa za kifafa, pombe nyingi, na kasoro za vinasaba. Kwa wengi hatupati sababu yoyote. Takriban mtoto mmoja kati ya kila 100 wanaozaliwa duniani ana kasoro fulani ya moyo, nyingi zikiwa ndogo. Ukija kupata mimba nyingine, uwezekano wa kasoro ya moyo kujirudia ni kama 3 katika 100, na kipimo cha mapema kitakuwa haki yako. Wale wawili wa nyumbani, kama wanacheza na kukua vizuri, huna haja ya kuwakimbiza hospitali.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu, kwa hiyo naomba usome polepole.

Mtoto aliye tumboni hatumii mapafu yake. Oksijeni inatoka kwako kupitia kondo la nyuma na kitovu. Damu haina shughuli kubwa kwenye mapafu, kwa hiyo Mungu ameweka njia mbili za pembeni za kuyakwepa: kidirisha kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota. Huo mshipa tunauita daktasi. Ni mchepuko halisi, kama zile barabara za vumbi mnazopitishwa daraja linapojengwa. (Watu wamezoea kusema michepuko haifai. Tumboni inafaa sana.) Kwa sababu ya njia hizo, moyo wenye kasoro kubwa unaweza kumkuza mtoto hadi kilo tatu na nusu, anapiga teke, anageuka, na mama anaambiwa hongera. Tumbo linaficha.

Mtoto akizaliwa na kuvuta pumzi, mapafu yanafunguka, kitovu kinakatwa, na mchepuko unaanza kufungwa. Kwa watoto wengi, ndani ya siku mbili tatu daktasi imeshanywea. Ikiwa barabara kuu ni nzima, hakuna anayegundua. Ikiwa barabara kuu ni finyu lakini inapitika, mtoto atakwenda nyumbani na tutakuwa na muda wa kupanga. Lakini kama njia ya mapafu imeziba au karibu kuziba, basi siku daktasi inapofunga ndiyo siku mtoto anabadilika rangi, na mara nyingi siku hiyo yuko nyumbani, amefungwa vitenge, majirani wanakuja kumwona.

Kwa hiyo utakapoonana na daktari wa moyo, swali la kwanza lisiwe “ana tundu?” Muulize: “Mtoto wangu akizaliwa, maisha yake yatategemea daktasi au hayatategemea?” Jibu la hilo ndilo litakaloamua uzalie wapi.

Kipimo chenyewe kinaitwa eko ya moyo ya mtoto tumboni. Hakina maumivu wala sindano, ni utrasaundi ile ile yenye mpimaji mwingine na muda mrefu zaidi, pengine dakika 45 au saa nzima, na ukiambiwa utembee kidogo ili mtoto ageuke usishangae. Wakati mzuri ni kati ya wiki ya 18 na ya 24, wewe umepita kidogo tu, bado tunaona vizuri. Usikawie hadi mwezi wa tisa, mbavu za mtoto zikikomaa zinaleta kivuli kwenye picha. Atapima upana wa mshipa wa mapafu akiulinganisha na aota, na ataangalia damu kwenye daktasi inaelekea upande gani. Kwa kawaida inatoka kwenye mshipa wa mapafu kwenda aota. Ikionekana inarudi nyuma, kutoka aota kwenda kwenye mapafu, ni dalili kwamba mapafu hayapati damu ya kutosha kwa njia yake ya kawaida. Na hata picha ikiwa nzuri leo, kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa. Ufinyu huu una tabia ya kuongezeka mimba inavyokua.

Inawezekana pia ile alama ya kuuliza ikafutwa. Wapo wanaofika kwangu wameandikiwa tetralojia, tukakuta ni tundu la kawaida peke yake, na matundu madogo ya kwenye ukuta wa chini mengi hujifunga yenyewe mtoto akiwa na mwaka mmoja au miwili. Wapo pia waliokuja na “tundu dogo” tukakuta kubwa zaidi. Ndiyo maana sitaki kukuahidi lolote kabla ya picha.

Daktari anaweza kukugusia vinasaba. Sehemu ya watoto wenye tetralojia, karibu 15 katika 100, wamekosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, na wengine wana ugonjwa wa Down. Kujua kabla kunahitaji kuchoma sindano kuchukua maji ya uzazi, na kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Kwa hali yako mimi nisingekusukuma. Mtoto anaweza kupimwa akishazaliwa, na jibu halibadilishi mpango wa kuzaa. Mwenye moyo wa kutaka kujua mapema naye simlaumu.

Sasa kisu na ng’ombe. Tetralojia peke yake si sababu ya kukupasua. Mtoto huyu anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida, na kwa mama aliyezaa mara mbili salama hiyo ndiyo njia bora. Wala msikubali kuzalishwa mapema “ili tumuwahi”. Moyo mgonjwa kwenye mwili wa mtoto njiti ni kazi mara mbili, tunamtaka wa wiki 39. Kinachobadilika ni mahali. Kama damu ya mapafu inatosha bila daktasi, jifungulie Dodoma mjini, Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, mahali penye wodi ya watoto wachanga, oksijeni na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kituo cha afya cha jirani hapana, hata kama mkunga wake ni hodari. Kama daktasi inahitajika, basi mume wako yuko sahihi kuhusu Dar: uzalie Muhimbili, jirani na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mtoto aanzishiwe dripu ya dawa iitwayo prostaglandini inayozuia mchepuko usifunge, kisha madaktari wamtengenezee njia nyingine ya damu. Dawa hiyo haimponyi. Inanunua muda. Katika hali hiyo safiri ukiwa na wiki 36 au 37, usisubiri uchungu uanze. Treni ya SGR imepunguza mateso ya safari hiyo, lakini mtoto mchanga wa bluu ndani ya gari kwa kilomita 450 ni jambo nisilomtakia mtu.

Ng’ombe asiuzwe kwanza. Nendeni na barua ya rufaa, mjue bima yenu inagharamia nini, na mkizidiwa muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi yake ipo kwa kazi hiyo, na watu wengi wanaipita mlangoni bila kuingia.

Ataishi? Bila upasuaji, tetralojia ni ugonjwa mkali: takriban nusu ya watoto hawafiki umri wa kuanza shule, na wachache mno wanafika miaka 40. Kwa upasuaji picha ni nyingine kabisa. Mwaka 1944 huko Baltimore, Marekani, mtoto wa kwanza alitengenezewa njia ya kupeleka damu zaidi kwenye mapafu, na fundi aliyeubuni upasuaji huo kwenye maabara alikuwa Vivien Thomas, Mmarekani mweusi ambaye hakuwahi kusomea udaktari. Mwaka 1954 ukaanza upasuaji kamili, wa kuziba tundu na kupanua njia. Katika nchi ambazo mtoto anapasuliwa akiwa na miezi mitatu hadi sita, zaidi ya 95 katika 100 wanatoka salama, na karibu 9 katika 10 wako hai miaka 30 baadaye. Kwetu upasuaji huu unafanyika, ila wengi wanafika wakiwa wamechelewa, miaka mitatu, minne, vidole vimevimba nchani kama vijiti vya ngoma. Hiyo ndiyo faida uliyo nayo wewe na hawakuwa nayo mama zao: jina la mtoto wako linaweza kuingia kwenye foleni kabla hajakaa. Jambo moja msije mkafichwa: akipona atahitaji kuonwa na daktari wa moyo maisha yake yote, na baadhi yao hurudi ukubwani kuwekewa valvu, yaani kilango cha damu, ya mshipa wa mapafu.

Kuhusu jirani nitasema machache. Sheria yetu hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, na mimba ya wiki 25 mikononi mwa mtu wa mtaani inaweza kukuondoa wewe. Mshukuru kwa huruma yake, usifuate ushauri wake.

Kwa sasa endelea na vidonge vya kuongeza damu na SP za kliniki, zile za kukinga malaria, kama kawaida. Mgongo ukiuma meza parasetamoli, usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, maana dawa hizo zinaweza kufunga daktasi mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto akipunguza kucheza, ukitokwa damu au maji, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Akishazaliwa, usimtafute bluu kwenye ngozi. Kwa rangi zetu ngozi inaficha. Mfungue mdomo kwenye mwanga wa dirisha uangalie ulimi na ndani ya mdomo wa chini: uwe mwekundu kama wa ndugu zake. Ukiwa wa zambarau, au anahema mbio, anatoka jasho akinyonya, anaachia ziwa kila baada ya mafunda mawili, usisubiri kesho. Baadaye, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili, watoto wa tetralojia hupata mashambulizi: analia, hasa asubuhi, anahema kwa kina, anageuka bluu kisha analegea. Mkunje magoti yake yagote kifuani, umkumbatie hivyo, mtulize, na uanze safari ya hospitali hata kama ametulia. Kuharisha kunayaleta, na kupungukiwa maji kwenye kiangazi cha Dodoma ni haraka kuliko watu wanavyodhani. Chanjo zote apate kwa tarehe zake.

Na watakuja watu kukuambia mtoto anakohoa kwa sababu ya kimeo, kikatwe, au ana meno ya plastiki, yang’olewe. Nawajua, nimelelewa nao. Kwa mtoto yeyote ni hatari. Kwa mwenye moyo huu, kile kisu kinaweza kupeleka wadudu moja kwa moja kwenye damu hadi kwenye moyo. Kataa, hata kama anayesema ni mkubwa wako.

Kipimo cha moyo ufanye ndani ya wiki mbili hizi. Nenda na karatasi ile ile yenye alama ya kuuliza, si majibu ya mdomo, na swali la daktasi uliandike nyuma ya kadi ya kliniki usije ukalisahau. Mume wako awepo. Mama mkwe naye, kama nauli ipo, aingie chumbani autazame moyo wa mjukuu wake kwenye kioo. Wengi wakishauona unavyocheza, habari ya mshtuko huwa hawairudii tena.